Makaa Yasiyo na Moshi

Mtu akiingiza sigiri ya makaa chumbani siku ya mvua, mimi hufungua dirisha kabla hajaiweka chini. Wageni hudhani nina pumu. Wanangu wamezoea, wao huenda kutafuta sweta. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu, nami sikuwahi kuitoa, mpaka wiki ile tuliyomzika Jaja.

Jaja ndiye bibi yetu, mama yake baba. Kule Nalufenya, Jinja, nilikozaliwa, yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha sigiri. Unaiweka uani, mlango wake ukielekea upepo. Unapanga makaa madogo chini na makubwa juu, unatia kipande cha kuni chenye moto, kisha unapepea kwa mfuniko wa sufuria. Mwanzoni hutoka moshi mweupe, mzito, unaokutoa machozi. Unangoja. Moshi ukiisha kabisa na makaa yakawa mekundu mpaka ndani, ndipo una ruhusa ya kuingiza moto nyumbani.

"Moto wenye moshi ni adui," Jaja alikuwa akisema. "Usio na moshi ni ndugu yako."

Mtaa mzima uliamini hivyo. Jinja ni mji wa joto, nyumba zetu zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kuta, na milango ilikaa wazi mchana kutwa. Kwa hiyo imani ile haikuwahi kumdhuru mtu. Tuliihama Jinja tukaibeba imani hiyo pamoja na masufuria.

Vita vilipotufikia, baba alikuwa ng'ambo ya mpaka na lori la tajiri wake, na hatukupata habari zake mpaka mwisho. Mama alimfunga mgongoni mdogo wangu Swaibu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, akanishika mkono, na Jaja akafuata na kibweta chake. Tulikwenda Mbale, kwa miguu na kwa lori la mahindi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikitaka kile kibweta. Jaja alichelewa kukiachia. Kitako cha bunduki kilimpata begani.

Mfupa uliunga vibaya. Mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita kifua, na aliufunga kwa kitambaa shingoni kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kidondoke. Tangu hapo mama ndiye aliyemsuka nywele, kila Alhamisi, ili Ijumaa imkute akiwa nadhifu.

Binamu yake mama alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mawe iliyoachwa na Mzungu wa idara ya kilimo, kwenye mteremko wa mlima Wanale, juu ya mashamba ya kahawa. Alitupa ufunguo, yeye akaelekea Kenya. Nyumba haikuwa na kitanda wala kiti. Ilikuwa na baridi, ambayo mimi sikuwa nimewahi kukutana nayo ndani ya nyumba, na kwenye ukuta wa sebule ilikuwa na shimo kubwa jeusi. Nilidhani ni zizi la mbuzi wa Mzungu.

"Hiyo iko ya moto," mtu alisema nyuma yetu.

Alikuwa Afande Okurut. Alikuwa askari jela, mtu wa Teso, mrefu, mwenye suruali ya kaki iliyofifia magotini. Gereza lao lilikuwa limebaki wazi, wafungwa wamekwenda makwao na wakubwa wametoroka, naye alikuwa amejisetiri katika chumba cha watumishi nyuma ya ile nyumba.

"Askari jela ni askari," mama alinong'ona kwa Kisoga. "Wenzake wamekwenda. Yeye anangoja nini?"

"Anangoja mshahara," Jaja akajibu. "Maskini, atangoja hata kiama."

Nyumbani tulisema Kisoga. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya kuamriwa: simama, kaa chini, toa, fungua. Kwa hiyo kila Afande Okurut alipofungua kinywa, hata alipokuwa anatusalimu, nilirudi nyuma ya mama.

Jioni ya kwanza alikuja na mzigo wa matawi makavu ya mibuni iliyokatwa na kuanza kutuonyesha, bila kuombwa. Aliwahi kuwasha moto wa namna ile kwa mkuu wa gereza, kule milimani. Ukutani, juu ya meko, palitokeza mpini wa chuma. Ulishika bati zito lililokuwa ndani ya koo la dohani, pale moshi unapopandia, la kuzuia mvua na popo nyumba ikiwa haina watu. Lilifunguka kwa kuchomoa pini tu. Kulifunga ndiyo kulikuwa kazi: mkono mmoja unausukuma mpini kwenda juu na kuushikilia, wa pili unachomeka pini.

"Hii bati nakaa wazi," alisema. "Siku yote. Mpaka jivu iko baridi, unatia mukono na hapana ungua. Na dirisha, munaacha kidogo, kama kidole."

"Afande, mtoto anakohoa," mama alisema. "Upepo utamwua."

"Mama, moto iko nakula hewa kama mutu. Wewe nanyima yeye, yeye nakula yenu."

Mama aliitika kwa kichwa, kama anavyoitikiwa mtu mwenye sare. Afande alipotoka, Jaja alichukua kitambaa akaziba ule ufa wa dirisha.

Lazima nieleze habari ya moshi, maana ndiyo iliyotutawala siku zile. Askari waliokuwa wakikimbia vita walipita barabara ya chini, makundi makundi, wakiwa na njaa. Walipoona moshi walijua kuna chungu, na penye chungu pana blanketi, pana redio, pana wasichana. Nyumba moja upande wa pili wa bonde iliingiliwa kwa sababu ya moshi wa maharage. Kwa hiyo watu wote wa mteremko ule walipika ukungu ukishuka. Wanale hufunikwa na wingu kama chungu kinavyofunikwa na jani la mgomba. Wingu likikaa, majiko yote huwashwa kwa pamoja, na moshi hupotea ndani yake. Wingu likiinuka, mioto huzimwa. Wanawake waliitana kutoka shamba hadi shamba: "Limekaa!" Na baadaye: "Linaondoka, mwaga maji!"

Mimi nilipewa kazi ya kulitazama wingu, na niliifanya kwa moyo wote. Nikiwa kazini nikaona jambo jingine. Kila moto wetu ulipowaka, Afande Okurut alishuka kwenye kijia, akageuka, akasimama mikono kiunoni kuitazama dohani yetu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha alirudi na kuniuliza, "Wewe mutoto, moshi iko natoka muzuri?"

Kwa nini mtu afurahie moshi kutoka? Siku moja nilimwona barabarani akizungumza na askari watatu. Aliinua mkono na kuonyesha juu, kwetu. Wale askari walitazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Nikamaliza hesabu yangu. Afande alitaka bati liwe wazi ili moshi utoke, na alitaka moshi utoke ili wenzake watuone. Sikumwambia mama. Nilikuwa na umri ambao mtu hutunza siri kwa sababu tu ni yake.

Siku yenyewe ilianza kwa mvua. Swaibu alikuwa ameamka na kifua kibaya zaidi, anavuta pumzi kwa kelele, na mama akaamua kuteremka mjini hospitalini kutafuta dawa. Afande alikuwa ametoka mapema kwenda kutafuta unga. Wingu lilikuwa limekaa. Mama aliwasha moto mwenyewe, akamlaza Swaibu kwenye mkeka karibu na meko, Jaja akakaa upande wa mlango na tasbihi yake.

"Mtazameni," mama alisema. "Msimwache apate baridi."

Alikuwa ananiambia mimi. Niliyaona macho yake.

Kabla ya adhuhuri mvua ilikatika na wingu likainuka ghafla, jepesi, kama mtu aliyeamshwa. Nikasikia sauti kutoka mashambani: "Linaondoka!" Na chini kabisa nikasikia lori.

Jaja alikuwa anasinzia. Swaibu amelala. Kuzima moto wote kulikuwa kumwachia mtoto baridi, na nilikuwa nimeagizwa. Kuuacha kulikuwa kuwaita askari. Nilisimama pale nikafikiri, na nakumbuka hata furaha niliyoipata nilipopata jibu, kwa maana lilikuwa jibu la Nalufenya. Nilichomoa vijinga vyenye moshi kimoja kimoja nikavitoa nje kwa ndoo na kuvizamisha kwenye dimbwi la mlangoni. Nikabakiza makaa mekundu. Nikamwagia juu yake makaa yetu ya mwisho tuliyoyatoa Jinja kwenye gunia, nikapepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka yakashika, mekundu hadi ndani, bila hata uzi wa moshi. Moto ndugu. Halafu nikapanda juu ya kreti ya soda tuliyoifanya kiti, nikausukuma ule mpini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikachomeka pini. Afande na moshi wake, basi.

Nikafunga mlango nyuma yangu nikaenda kujificha kwenye mibuni kulitazama lori.

Lilikwama kwenye matope kwenye kona. Askari walishuka, wakasukuma, wakatukana, wakakata matawi wakayatia chini ya magurudumu. Mmoja alikaa juu ya jiwe akavua kiatu, akawa anatazama ndani yake kana kwamba amepoteza kitu. Wawili waliinua macho kuelekea mteremko wetu, na mimi nikaitazama dohani yetu pamoja nao: ilisimama kavu, haina kitu. Ilichukua muda mrefu. Lilipoondoka nilihesabu vichwa vyao mpaka wakapotea, kisha nikapanda nyumbani kwa haraka. Nilitaka kusifiwa.

Chumba kilikuwa cha joto, joto zuri kuliko siku zote. Hakuna moshi hata kidogo. Jaja alikuwa amelala kifudifudi, uso wake ukiwa kwenye ufa chini ya mlango, hata mlango ukamgonga nilipoufungua. Alikuwa ametapika. Nilidhani ni mzee tu, amezidiwa na usingizi. Swaibu alikuwa vile vile alivyoachwa, ubavu mmoja, mkono chini ya shavu. Hakuwa anakohoa tena. Zile kelele za kifua zilikuwa zimekwisha, na midomo yake ilikuwa myekundu, inang'aa, kama ya mtoto aliyelamba peremende nyekundu. Nikasema moyoni: amepona.

Blanketi lilikuwa limeteleza. Nilimfunika vizuri mpaka shingoni, asije akapata baridi.

Kichwa kilianza kuniuma, miguu ikawa si yangu. Ndipo nikasikia mtu akipiga kelele kwa Kiswahili na kioo kikivunjika. Afande Okurut alikuwa amefika kwenye kijia, akageuka kuitazama dohani kama kawaida yake, na hakuona kitu, wakati mlangoni palikuwa na vijinga vilivyozimwa na dirishani mng'ao wa makaa. Alivunja dirisha kwa jembe. Alinitupa nje kwenye majani, akamburuta Jaja, akarudi kumchukua Swaibu. Alimlaza kwenye nyasi zenye maji akampulizia kinywani, akampulizia tena. Mimi nilikuwa namvuta shati. Nilimwambia amwache, asimwamshe, ndiyo kwanza amepata usingizi.

Jaja alipoweza kukaa, Afande aliingia ndani, akatoka na ile pini mkononi.

"Nani iko nafunga bati?"

Jaja alinitazama mimi, kisha mtoto kwenye nyasi, kisha kreti ya soda iliyokuwa ikionekana kupitia mlangoni, chini ya mpini.

"Mimi," alisema.

Afande alitazama ule mkono uliofungwa shingoni. Aliutazama kama alivyokuwa akiitazama dohani, kwa muda mrefu.

"Basi, jaja," alisema, "hapana funga tena." Lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Mama alirudi alasiri na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Alivishika ndani ya kiganja muda wote wa kuosha maiti, muda wote wa kushona sanda, mpaka karatasi ikaloa na vikawa unga. Jaja alimwambia maneno yale yale: ni mimi nilifunga, mwanangu, niliogopa lori. Swaibu alizikwa kabla ya magharibi. Afande ndiye aliyechimba, peke yake, na waumini wawili wa jirani walipoanza kuswali alisogea kando, akavua kofia, akasimama kwenye mibuni na matope mpaka magotini.

Siku ya tatu ukungu ulishuka, na Jaja, ambaye kifua chake hakikuwa kimepona, alikuwa anatetemeka. Hakuna aliyetaka kugusa meko. Afande aliniita mimi.

"Wewe mutoto. Njoo washa."

Nilikataa. Alichuchumaa mbele ya shimo jeusi akaningoja kana kwamba hana kazi nyingine duniani, na kweli hakuwa nayo.

"Si wewe unawaitia askari?" nilimwambia. Sijui niliutoa wapi ujasiri. "Unatazama moshi. Uliwaonyesha nyumba yetu kwa mkono."

Alivunja kijiti, akakiweka kando.

"Mimi nasema kwao, kule juu iko surua. Batoto nakufa, hapana pita. Wao naogopa surua kuliko risasi." Kisha akasema, "Na moshi, mimi natazama kama natoka. Kama moshi hapana toka inje, iko wapi? Iko ndani na nyinyi. Na ile hapana moshi kabisa, ile ya makaa, hapana harufu, hapana rangi. Ile ndiyo mubaya. Hapana piga hodi."

Sikulia. Nilichukua vijiti alivyonipa.

Alinifanya nianze tena kila nilipokosea. Kwanza mkono ndani ya koo la dohani, kuhakikisha bati liko wazi. Nilisikia hewa baridi ikinishukia kwenye vidole. "Hiyo baridi nasukuma moshi kurudi. Wewe pasha yeye kwanza." Nikawasha jani kavu la mgomba lililosokotwa, nikalishikilia juu, mpaka hewa ikageuka na mwali ukavutwa kwenda juu kwa mlio mdogo kama wa mtu anayekunywa chai ya moto. Kisha vijiti, vimepishana, na nafasi katikati. Kisha tawi moja la mbuni, kavu, halafu la pili la kuliegemea. Mkaratusi mbichi alikataza: unatoa lami, lami inashika kwenye dohani, siku moja dohani yenyewe inawaka. Moto mdogo, tena mdogo, usiupite uwezo wa meko. Dirisha liliachwa bila kioo, limewekewa gunia nusu. Majivu nilitoa nje kwa debe asubuhi iliyofuata, baada ya kutia mkono wangu ndani yake na kungoja.

Nilitoka kwenye kijia, nikageuka, nikaitazama dohani. Moshi ulikuwa unatoka muzuri.

Afande Okurut aliondoka bunduki ziliponyamaza, na shati lake la kazi ndani ya mfuko wa plastiki, kwenda kuona kama kwao kumebaki watu. Hatukusikia habari zake tena. Sisi tulirudi Nalufenya. Baba alirudi pia, mwembamba, na akaambiwa ile habari kama Jaja alivyoisema. Maduka yakafunguliwa, madirisha yakatiwa vioo, taa zikawa zinarudi saa mbili tatu kwa siku. Mimi nikaenda shule na kuwa mtoto asiyetoka nje ya mstari.

Kwa miaka mingi mama hakusema na Jaja ila la lazima. Nilihesabu kimya kile, kila siku yake, na kila siku nilijua ni changu. Alhamisi mama alikaa nyuma ya Jaja na kitana, akamsuka taratibu, wote wawili kimya, na mimi nikatoka kwenda uani. Jaja naye hakuwahi kunitajia jambo lile. Nilipojaribu mara moja, nikiwa msichana mkubwa, alinipa mfuniko wa sufuria akaniambia nipepee moto.

Alikufa mzee sana, kitandani kwake. Siku ya tatu ya matanga ilinyesha kutwa, na shangazi mmoja akaingiza sigiri kwenye chumba walichokaa wanawake. Niliinuka nikafungua dirisha.

"We! Unataka kutuua kwa baridi?" shangazi alisema.

"Bora baridi," mama akajibu. Kisha akaniambia mimi, "Fungua na lile la pili."

Wenzetu walipokwenda kutawadha tulibaki wawili. Mama alikuwa ametoa gomesi za marehemu, yale magauni yake marefu, kibwetani, anahangaika kuzikunja ili zigawiwe. Nikasimama dirishani, nikasema nikiwa nimempa mgongo.

"Mama. Siku ile Wanale. Bati nililifunga mimi."

Niliisikia nguo ikikunjwa. Mkono wake haukusimama.

"Nani alikuwa anamsuka Jaja?" aliuliza.

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kizuizini."

"Mtu asiyeweza kufikisha mkono kichwani pake, aliufikishaje kwenye ule mpini, akashika na pini?"

Mvua iliingia kidogo, ikalowesha kizingiti. Nilijua natakiwa kulia, nikashindwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilishuka mjini nikiwa na watoto wawili," mama alisema. "Nikapanda, nikakuta mmoja. Ningesema, ningebaki na nani? Jaja alilijua hilo kabla yangu. Mimi sikuweza kumshukuru. Kila nilipotaka kumshukuru, nilimwona Swaibu. Basi nikamsuka."

Akanyoosha mkono na kunipa ncha ya pili ya gomesi. Ni nguo ndefu ile. Mtu mmoja haikunji vizuri. Nikaishika, nikarudi nyuma mpaka ikanyooka, kisha nikasogea kumfuata alipo.